Wiki ya Ajira na Mkasi wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Redio ya dukani imeanzisha Wiki ya Ajira. Kila asubuhi mtaalamu atakuja kueleza mwelekeo wa kazi mkoani kwetu, sekta kwa sekta: zipi zinakua, zipi zinakwenda zao. Nimeongeza sauti. Binamu amepunguza. Nimeongeza tena. Shangazi amesema atakayegusa redio mara nyingine atakula chakula cha mchana amesimama.

Mtaalamu ana sauti nzito, sauti ya mtu mwenye mshahara. Leo alikuwa anafungua pazia tu. Afya itakua. Ujenzi utakua. Maghala ya baridi yatakua. Kisha akataja zinazoshuka: wapiga chapa, wauza magazeti, washonaji wa mitaani.

Washonaji! Sindano ilinitoka mkononi. Nikatazama huku na huku. Shangazi anakata suruali. Binamu anapiga pindo. Hakuna aliyeshtuka. Watu wanazama huku wanapiga pindo!

Mtaani Binamu wanamwita Kimya, na hajawahi kubisha. Mimi wananiita Waziri, kwa sababu ya mawazo yangu.

Halafu habari ya pili, tena kubwa kuliko ya kwanza. Shangazi amesema macho yake yamechoka na Jumamosi atakabidhi mkasi. Kwa asiyejua: dukani kwetu anayekata ndiye anayetawala. Sisi wengine tunashona alichokata yeye. Mkasi wenyewe ni wa chuma, mzito, umekuwa wa Shangazi tangu ujana wake, na una sheria moja tu: hukata kitambaa, basi. Haukati karatasi. Leo ameirudia sheria hiyo huku akinitazama mimi, sijui kwa nini.

Nautaka mkasi ule. Naweza kusema hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Shangazi ndiye aliyenilea na kunifundisha kutunga uzi, na nataka aseme mbele ya Binamu kwamba ni mimi.

Mpango umenijia wakati naweka zipu. Nitapata kazi kwenye sekta inayokua. Shangazi akiona hospitali nzima inanigombania, ataogopa kunikosa. Atanipa mkasi ili nibaki. Nimemweleza mke wangu. Amesema nisisahau kununua sabuni.

Jumanne, 4 Machi

Afya. Mtaalamu amesema wahudumu wa wodini watahitajika kwa wingi. Kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshafika kona ya barabara.

Hospitalini nilimwona muuguzi mkuu, mama mrefu mwenye miwani ya kamba. Aliniuliza nina uzoefu gani. Nikamwambia naujua mwili wa binadamu kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na wengine nimewapima mara mbili. Alinitazama sana. Nadhani alivutiwa.

Akanipa mtihani: nitandike kitanda bila kumtoa mgonjwa. Rahisi! Nimekunja pembe za shuka kama pindo la suruali, nikapiga pasi kwa kiganja, na ili lisiteleze nikalibana kwa pini zangu, zile ninazokaa nazo kwenye ukosi. Kazi safi. Babu aliyelala pale, niliambiwa baadaye, alikuwa hajatamka neno tangu jana. Alitamka. Alitamka maneno mengi, mengine sikuwahi kuyasikia kwa mtu wa umri wake.

Muuguzi mkuu alinisindikiza hadi getini mwenyewe. Heshima kubwa. Njiani aliinua mkono kunionyesha njia na koti lake likalia raa chini ya kwapa. Akasema ndivyo yalivyo yote: yanakuja kwa gari kutoka mbali, kipimo kimoja kwa watu wote, na kila muuguzi akiinua mkono kutundika dripu linapasuka. Nikamwambia pole. Sikuwa na muda wa makoti. Nilikuwa natafuta kazi.

Nimerudi dukani na kusimulia. Shangazi alicheka hadi akavua miwani. Binamu hakucheka. Aliuliza linapasuka mbele ya mshono au nyuma. Hilo ndilo aliloliona katika hadithi nzima! Nikamwambia nyuma, ili anyamaze.

Jumatano, 5 Machi

Gazeti limechapisha jedwali zima! Kazi zote za mkoa, mshale wa juu au wa chini, asilimia pembeni. Nimelisoma nikiwa nimesimama, hadi chai ikapoa. Hii si karatasi ya kutupa. Nimeibandika kwa gundi kwenye kipande cha boksi gumu ili isichakae, nikakata pembe zake mviringo, nikaitia mfukoni. Shangazi alikuwa uani anakunywa chai. Nilitumia kilichokuwa karibu.

Leo ni ujenzi. Jengo la ghorofa linapanda nyuma ya stendi. Msimamizi, mtu mfupi mwenye kofia ya njano, aliuliza kama naogopa kwenda juu. Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mtu wa kupanda tu, na nikamwonyesha mshale wa ujenzi kwenye jedwali langu. Akaniambia basi panda.

Nilipanda. Nikafika mbao za tatu za jukwaa. Nikafanya kosa la kutazama chini. Mji mzima ukaanza kuzunguka, hospitali ikapita, stendi ikapita, hospitali ikapita tena. Nikaukumbatia mrunda mmoja na kuukumbatia kwelikweli. Vijana walinisihi nishuke. Nikawaambia niko sawa, nakagua. Mwishowe walinishusha kwa kamba inayoshushia ndoo za zege. Walipiga makofi. Nikawapungia.

Hawakuniajiri, lakini msimamizi alinipa maji na tukazungumza kiungwana. Analalamika. Mifuko ya ovaroli zao inatoboka kwa misumari, misumari inamwagika, watu wanaikanyaga. Wamejaribu kuifunga kwa waya. Nikamwambia kila sekta inayokua ina maumivu yake.

Nilisimulia dukani. Shangazi alivunjika mbavu. Binamu aliuliza misumari ina urefu gani. Nikaonyesha kwa vidole, akaupima huo upana kwa futi yake! Namhurumia. Hana upeo. Isitoshe, mchana wakati sipo alitoka, hajasema kwenda wapi, na amerudi na vumbi jeupe kwenye viatu, lile la njia ya hospitali. Pengine anaumwa na anaficha.

Alhamisi, 6 Machi

Maghala ya baridi! Hii ndiyo yenyewe. Mtaalamu amesema matunda na samaki vinaongezeka, na bila baridi vyote vinaoza. Nikajiuliza kwa nini waombaji wengine hushindwa. Jibu: baridi. Basi nivae. Kwenye kamba yetu kulikuwa na makoti ya wateja yanayosubiri kukamilika. Nikavaa matatu, moja juu ya jingine. Wateja hawana haraka. Tumeshawaambia kesho, na wao wanajua maana ya kesho ya fundi.

Meneja wa ghala alinifungulia mlango na kuniambia nijaribu kukaa ndani kwa muda kama wenzangu. Waombaji wengine walikuja na mashati tu. Mmoja baada ya mwingine wakala kona. Mimi nilikaa. Nilikaa hadi meneja akaja kuniangalia kama ni mzima. Nilikuwa mzima! Nilikuwa natokwa na jasho.

Hapo akapita karani wa ghala na makaratasi yake. Akasimama. Akatazama kola yangu. Akasema koti la kahawia ni lake, na juzi aliambiwa limebaki kifungo kimoja. Nilijikaza kisabuni. Nikamwambia kwamba siku hizi kabla ya kumpa mteja koti tunalijaribu kwanza kwenye baridi halisi, na lake limefaulu. Aliguna. Akahesabu vifungo. Vilikuwa vyote. Alilichukua pale pale, na mimi nikabaki na mawili na heshima yangu.

Sasa sikiliza. Meneja akanipa kazi! Kweli kabisa! Kupanga makreti, kuanzia Jumatatu. Moyo ulinipaa. Nikatoa jedwali kuhakikisha. Maghala ya baridi: mshale juu, asilimia nane. Nikashuka mstari mmoja. Mafundi wa lifti: mshale juu, asilimia tisa.

Tisa! Nikamshukuru meneja na kumweleza kwa upole kwamba siwezi kujifunga na nane wakati tisa ipo. Akafunga mlango. Nilikuwa upande wa ndani, ikabidi nigonge. Alipofungua nilitoka na vijana wa makreti, wanapuliza vidole. Wanasema zipu za makoti yao zinaganda, na vifungo ni vidogo, havishikiki ukiwa na glavu.

Nyumbani mke wangu aliweka kijiko chini. Akauliza kama nimekataa kazi. Nikamwonyesha asilimia. Akauliza mjini kuna lifti ngapi. Mbili. Akauliza zinazofanya kazi ni ngapi. Moja. Nikamwambia ndiyo uzuri wenyewe, nusu ya soko iko wazi! Aliondoka mezani akafungua bomba la jikoni na kusimama tu akiyaangalia maji. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, ana subira ya kazi.

Binamu leo ameuliza glavu zina unene gani. Nimempa jibu ili aniache nile.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Niseme ukweli, mbaya sana.

Asubuhi mlango ukajaa. Ni muuguzi mkuu, na nyuma yake vijana wawili wamebeba majora ya kitambaa cheupe. Nikadhani amekuja kunibembeleza. Nikasimama, nikanyoosha shati. Akanipita. Akaenda kwa Binamu. Kumbe Jumatano Kimya alimpelekea koti la mfano, lenye kipande cha ziada kwapani, nyuma ya mshono! Muuguzi alikuwa amelivaa. Aliinua mikono yote miwili mbele yetu, juu kabisa, na halikulia. Akataka koti kama hilo kwa kila muuguzi.

Muuguzi mkuu hajafika kona, akaingia mtu wa kofia ya njano. Anataka mifuko ya turubai, iliyoshonwa mara tatu. Binamu huyo huyo! Amepeleka mfano lini? Anapeleka saa ngapi? Mtu haongei, haonekani, halafu mji mzima uko mlangoni.

Mwanzoni roho iliniuma. Kisha nikatulia nikafikiri. Nikamhurumia. Maskini Binamu, kazi yote hiyo, na yote iko kwenye sekta yenye mshale wa chini.

Shangazi alifurahi kama mtoto. Akatandaza jora la kwanza mezani, akapiga chaki, akashika mkasi. Kra. Haukukata. Ulitafuna. Akajaribu tena. Ukavuta nyuzi, ukaacha meno kama ya panya. Cherehani zote zikasimama. Hata redio, naapa, ilikatika.

Akauliza nani. Nikajitia hamnazo, nikainama kuokota bobini. Jedwali likatoka mfukoni likaanguka sakafuni, limesimama kwa ubavu wake, gumu, pembe mviringo. Shangazi akaliokota. Akapitisha kidole kwenye pembe. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

Nikamweleza kwamba sheria inasema karatasi, na lile ni boksi. Akasema niende nikalisomee jedwali langu nje. Nimekaa barazani. Nimelisoma. Lifti bado tisa.

Binamu alitoka na mkasi umefungwa kwenye kitambaa, akaenda nao kwa mnoaji wa kule sokoni. Aliponipita akaniwekea kikombe cha chai pembeni. Sikuomba. Nimekunywa.

Jumamosi, 8 Machi

Mkasi umerudi unang'aa. Shangazi alituita mezani, akavaa miwani, akasema hana hotuba. Akaupitisha mkasi juu ya jora jeupe, ukateleza kama maji, bila sauti. Akamkabidhi Binamu.

Nimeumia. Nilijua tangu jana, lakini kujua ni kitu kimoja na kuona mipini ile kwenye vidole vya mtu mwingine ni kitu kingine. Nilitazama dirishani ili wasione macho yangu. Binamu alishika mkasi, masikio yamemwiva.

Kisha Shangazi akavua futi yake shingoni. Ile ya njano, yenye namba zilizofutika mwanzoni, aliyonipimia suruali yangu ya kwanza ya shule. Akanivika mimi. Akasema duka lina mkataji, lakini mkataji hatoki nje, na akitoka haongei. Mimi natoka, na kuongea hakujawahi kunishinda. Koti la muuguzi mkuu lilipasuka mbele yangu. Misumari ya msimamizi niliisikia mimi. Zipu za ghala pia. Kwa hiyo kuanzia sasa kazi yangu ni moja: kila asubuhi niende kutafuta ajira kama kawaida yangu, nishindwe kama kawaida yangu, na mchana nirudi nimsimulie Binamu kila kitu, hasa palipopasuka.

Nikauliza kama hicho ni cheo. Akasema ni cheo. Nikauliza kinaitwaje. Akasema nikipe jina mwenyewe. Nimechagua Mkurugenzi wa Mwelekeo wa Ajira. Binamu alitabasamu. Meno anayo!

Mke wangu alinikuta nimelala na futi shingoni. Akaiacha. Amesema leo nina sura ya mtu aliyeshiba. Ni kweli. Mpango wangu umefaulu karibu wote, umebaki mkasi tu.

Jumatatu, 10 Machi

Wiki ya Ajira imefungwa leo, na mtaalamu amekuja na masahihisho. Anasema walipohesabu washonaji walitazama magauni na suruali tu. Wamesahau sare! Hospitali zinaajiri, majengo yanaajiri, maghala yanaajiri, na hakuna anayeingia kazini uchi. Kwa hiyo ushonaji wa sare ndiyo kazi inayokua kuliko zote mkoani. Asilimia kumi na moja. Mshale juu!

Shangazi alipiga kigelegele. Binamu aliongeza sauti ya redio, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kabla ya saa nne barazani pamejaa watu wanataka kujifunza cherehani. Mwalimu wa kuendesha gari. Muuza magazeti. Yule karani, na koti lake la kahawia.

Mimi peke yangu nilibaki na akili zangu. Nikatazama umati ule nikaona wazi: sekta imejaa. Wote watakimbilia huku. Mtu mwenye maono anatoka wakati wengine wanaingia! Nikajiapiza pale pale kwamba ushonaji naachana nao kabla haujanizoea.

Gazeti nalo limetoa jedwali jipya. La kuhifadhi, bila shaka. Na safari hii sikurudia kosa. Shangazi amekataza karatasi, boksi nalo limenitia matatani, basi vyote sikuvigusa. Nimelibandika kwenye bati, lile bati laini la kopo la zamani la vifungo. Binamu alikuwa barazani anapima watu. Mkasi ulikuwa mezani. Umekata vizuri sana, pembe zote nne, hasa ya kwanza.

Mchana Binamu akarudi kukata ovaroli. Nikasikia kra. Halafu nikamsikia Kimya akiongea. Aliongea kwa muda mrefu, kwa sauti, kwa mpangilio mzuri, na mengine yalikuwa yale yale ya babu wa wodini. Shangazi alikaa chini akashika kichwa. Binamu akauvingirisha mkasi kwenye kitambaa na kutoka mbio kwenda kwa mnoaji.

Na hapo ndipo nilipoliona! Wengine waliona mkasi butu. Mimi niliona mwelekeo. Duka moja, mkasi mmoja, na mnoaji ameendewa Ijumaa, ameendewa tena leo! Ukuaji wa namna hiyo hata hospitali hawana. Nimepekua jedwali jipya mstari kwa mstari: wanoaji wa visu na mikasi hawamo. Mtaalamu hajui. Redio haijui. Umati wote ule barazani haujui.

Kesho mapema nitapita kwa mnoaji kumuuliza kama anahitaji msaidizi. Sitamwambia nimejuaje.